Mshauri wa Reli Alipwe kwa Tani

Nyarugusu haina stesheni. Gunia la chakula litokalo bandari ya Dar es Salaam likipata behewa husafiri zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli hadi Kigoma, kisha hupakiwa katika lori kuelekea Kasulu. Behewa likikosekana, gunia hilo hupanda lori tangu bandarini, na gharama ya mwendo huo wote humwangukia mnunuzi. Mwalimu wa Kibondo huilipa katika bei ya saruji na bati; mkulima wa Kasulu huilipa pale mlanguzi anapompunja bei ya mahindi kwa kisingizio cha usafiri.

Wapo wataalamu duniani ambao kazi yao ya maisha ni kuthamini reli za umma, kuandika mikataba ya kuzikabidhi kwa makampuni na, mara nyingine, kununua hisa katika makampuni hayo. Ujuzi wao ni wa kweli na unahitajika. Jambo la kuulizwa ni hili: hulipwa kwa lipi? Kwa mkataba kutiwa sahihi, au kwa mzigo kufika?

Tanzania inalijua jibu. Mwaka 2007 reli ya kati ilikabidhiwa kwa Kampuni ya Reli Tanzania kwa miaka 25. RITES ya India ilishika asilimia 51 ya hisa, Serikali asilimia 49. RITES iliundwa mwaka 1974 kuwa shirika la ushauri, tena mali ya Serikali ya India. Kwa hiyo ulioitwa ubinafsishaji ulikuwa kumkabidhi mshauri, aliye mali ya umma wa nchi nyingine, usukani wa reli yetu. Injini zilikodiwa kutoka India. Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara. Njia yenyewe ilibaki mzigo wa Serikali. Mwaka 2011 Serikali ilizirudisha hisa mikononi mwake. Reli iliyobeba zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibeba chini ya tani 300,000 mwaka 2012.

Jirani zetu hawakusalimika. Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda mwaka 2006 kwa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa.

Yupo atakayesema kwamba shirika la umma nalo lilikuwa limechoka kabla ya 2007. Ni kweli, na ukweli huo usifichwe. Lakini uchovu wa mgonjwa haumpi tabibu ruhusa ya kupokea ada na kuondoka.

Mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa sahihi mwaka 2022, na makampuni binafsi yanakaribishwa kuendesha treni katika reli ya umma. Huu ndio wakati wa kuweka masharti. Ada ya mshauri igawanywe, sehemu kubwa ilipwe baada ya tani zilizoahidiwa kubebwa. Anayeshauri asiwe mnunuzi. Ielezwe wazi nani atatengeneza njia mvua ikiibomoa. Na Serikali iwasomeshe wahasibu na wahandisi wake waweze kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi.

Mkataba mwema hauthibitishwi na wino wa Dar es Salaam, bali na bei ya gunia sokoni Kasulu.