Kumaliza Silabasi Si Kufundisha

Kila mtihani wa Kidato cha Nne unapokaribia, kuna sifa moja inayogawiwa kuliko zote: "Mwalimu yule hodari, silabasi keshaimaliza." Mkuu wa shule huitangaza kwenye kikao cha wazazi, Afisa Elimu Kata huiweka kwenye taarifa yake, na mzazi aliyeacha korosho zake juani huipigia makofi. Hakuna anayeuliza watoto wameondoka na nini. Huku kwetu, kuanzia Masasi bondeni hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, imani hii imekuwa kama sheria: mada ikishasemwa, imeshafundishwa. Ni imani potofu, na wanaoilipia ni watoto.

Ingia darasa la Kidato cha Kwanza kipindi cha Kiingereza. Ubaoni kumeandikwa "teach, taught, taught". Darasa zima linaimba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwalimu anauliza, "Are we together?" Wanajibu kwa sauti moja, "Yes!" Sasa msimamishe mmoja, umwombe aseme kwa Kiingereza bibi yake alimfundisha kupika nini. Atatazama dari, atamtazama jirani, kisha atajitahidi: "My grandmother did taught me cook ugali." Sura tatu za kitenzi anazo kichwani zote. Asichokuwa nacho ni matumizi yake. Hajui kwamba baada ya "did" kitenzi hurudi katika umbo lake la kwanza, "teach". Hajui kwamba mtu hufundishwa "to cook" au "how to cook", si "cook" peke yake. Makosa ya namna hii hayaponi kwa kuimba. Yanapona mtoto anapotunga sentensi yake mwenyewe, akakosea, akasahihishwa, akatunga nyingine. Lakini kengele imeshalia, na kwenye azimio la kazi mada imeshatiwa tiki.

Halafu fungua andalio la somo la kipindi hichohicho. Chini kabisa kuna nafasi ya tathmini. Walimu wanaosoma hapa wanajua ninachotaka kusema: mara ngapi maneno "somo limeeleweka" yameandikwa usiku, kwa mwanga wa simu, kabla mwanafunzi hajalisikia hilo somo? Tumefika mahali karatasi inaelewa kabla ya mtoto.

Ukimbana mtetezi wa imani hii atakujibu, "Mimi nimefundisha, wao ndio hawakuelewa." Kauli hiyo hatuikubali kwa mtu mwingine yeyote, hata bwana shamba. Wakulima wa hapa wanakumbuka jinsi korosho ilivyoanguka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, bei na watu kuhamishiwa vijijini zikiwemo, na mojawapo ilikuwa ubwiriunga, ukungu mweupe unaounguza maua. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walipopata tiba ya kupulizia salfa, kuitangaza redioni kusingetosha. Ilibidi mkulima aione ikifanyika chini ya mkorosho: saa za alfajiri umande ungali majanini, mashine mgongoni, kiasi gani kwa mti, na lini arudie. Bwana shamba angesema, "Nimewafundisha, maua ndiyo yaliyokataa," angefukuzwa kijijini. Mbona mwalimu anapewa cheti?

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta wanaojua kazi hii. Kungwi wa unyago hana silabasi ya kumaliza. Mwali husikia wimbo, huuliza maana, hujaribiwa, hurudishwa alikokosea, na hatoki ndani mpaka aonyeshe kwamba somo limemwingia. Yapo yanayofundishwa unyagoni ambayo hayamfai mtoto mdogo, na wanaoyalaumu wana haki. Lakini ugomvi huo ni wa yaliyomo. Kwa namna ya kufundisha, shule ingejifunza mengi kwa bibi zetu. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa mwaka 1926, alilitambua hilo. Hakulivunja jando, alilichukua na kulipa sura ya Kikristo, akijua kwamba mahubiri matupu ya Jumapili hayawezi kushindana na mafunzo ya kumbini.

Wamisionari waliomtangulia nao hawakuanza kwa kusema. Edward Steere alipowaleta Masasi watumwa waliokombolewa kutoka Unguja mwaka 1876, alikuwa ameshakaa miaka akijifunza Kiswahili, na kitabu chake cha kuifundisha lugha hiyo kilikuwa kimetoka tangu 1870. Chauncy Maples, aliyefanya kazi Masasi, alichapisha mwaka 1879 mkusanyo wa maneno na sarufi ya Kimakua. Walikuwa na ajenda yao, na si yote ya kushangilia. Ila walijua jambo tunalolisahau: huwezi kumfundisha mtu ambaye hujajua anasikia nini unapoongea.

Nitaambiwa darasa lina watoto mia na mwalimu ni mmoja. Ni kweli, na serikali inapaswa kubanwa kwa hilo. Lakini wingi wa watoto haugeuzi kusema kuwa kufundisha. Nitaambiwa pia kwamba mtihani hutoka silabasi nzima. Hutoka, ndiyo, ila haumuulizi mtahiniwa mwalimu wake alisema nini. Unamuuliza yeye anajua nini. Mada sita zilizokaa kichwani zina alama nyingi kuliko kumi na mbili zilizopita masikioni. Tena nyingi hupita kwa lugha ambayo mtoto haifuati. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walipima Kiingereza cha shule zetu, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kusoma masomo yao kwa lugha hiyo. Mwaka 2005 tukaandikiwa mtaala wa umahiri, unaotaka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya. Mtaala umebadilika, tiki zimebaki palepale.

Kinachotakiwa hakihitaji mfadhili. Wathibiti ubora wa shule waache kuanza na andalio la mwalimu, waanze na daftari za wanafunzi watano wa viti vya nyuma. Vyuo vya ualimu vya Masasi na Kitangali vimpime mwalimu mwanafunzi kwa alichobakiza kwa watoto wiki moja baadaye, si kwa mwandiko wake ubaoni. Wakuu wa shule wamruhusu mwalimu asimame kwenye mada mpaka ieleweke, hata kama azimio la kazi linalia.

Na wewe mzazi, jioni mtoto akirudi usimuulize wamefika mada ya ngapi. Mwambie akuonyeshe alichojifunza leo. Akishindwa siku tatu mfululizo, nenda shuleni ukaulize. Ni haki yako, na mwalimu anayefundisha kweli atafurahi kukuona.