Vijana wanataka kutengeneza avio: Kindu iwajibu nini?

Video hizo zinarudi kila baada ya miezi michache kwenye simu za watu wa Kindu. Kijana mahali fulani Afrika, motere ya pikipiki nyuma ya kiti cha plastiki, mabawa ya tole ao ya bashi, watu wengi wakimkimbilia nyuma kwa kelele. Ndege inaruka kidogo, ao hairuki kabisa. Watu wanacheka, wanatumiana, halafu swali linakuja: na sisi hapa, kwa nini hapana?

Kwa mawazo yetu swali hilo si la mchezo, sababu mji huu unaishi kwa avio ndogo. Gari-moshi ya SNCC kutoka Lubumbashi, kwa njia ya Kabalo na Kongolo, inafika siku inayopenda yenyewe. Mto Lualaba unakupeleka mpaka Ubundu, na hapo maporomoko yanakata njia. Barabara ya Bukavu, tusiizungumzie. Kasiterite ya Punia na Kasese imezoea kutoka kwa njia ya anga, na dawa kuingia vilevile. Uwanja wa Goma ulipofungwa kwa vita mwezi wa kwanza 2025, na ule wa Kavumu kuchukuliwa mwezi uliofuata, Kindu ilibaki mbali zaidi na majirani wake. Lakini kijana wetu anayetaka kujua motere ya avio inafunguliwaje, lazima apande avio hiyohiyo aende Kinshasa ao Lubumbashi, kama iko na pesa.

Kuna inchi ambako kuruka kulianza kama mchezo, kazi ikafuata. Nairobi walianzisha Aero Club of East Africa mwaka 1927. Miaka miwili nyuma ya hapo, Florence Kerr Wilson akafungua kampuni yake ya ndege, na uwanja wa Wilson bado uko na jina hilo. Kongo ilitangulia: tangu 1920 ndege za majini za laini ya Mfalme Albert zilikuwa zinafuata mto kutoka Kinshasa, na 1921 zikafika Stanleyville, Kisangani ya leo. Mwaka 1922 laini ikafungwa. Kwetu ndege ilikuja kama kitu cha Leta na cha kampuni, na kwa muda mrefu Mkongomani alikuwa mbeba mizigo pembeni ya kiwanja. Hakuna aliyempa bisibisi.

Vijana wa leo wanataka hiyo bisibisi. Kule Nyeri, Kenya, Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta, alijulikana mwaka 2010 kwa ndege aliyoijenga nyumbani na motere ya Toyota. Amejenga nyingine tena, pesa yake mwenyewe. Hazikufika mbali angani, na wengi walimcheka. Sisi hatucheki. Lakini hatupigi makofi bila kuuliza, sababu ya mambo yaliyotokea Ulaya zamani.

Mfaransa Henri Mignet aliruka mwaka 1933 na ndege ndogo ya mbao na kitambaa, Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye michoro yote, ili mtu wa kawaida aijenge nyumbani. Ulaya ikaingia wazimu. Mamia wakashika misumeno. Halafu watu wakaanza kufa. Ndege ikiinamisha pua kupita kiasi, ilikataa kuinuka tena, hata fundi awe amepiga kila msumari sawasawa. Ilibidi Waingereza na Wafaransa waiingize nzima ndani ya chumba cha upepo, mwaka 1936, ndipo wakaona kwamba mabawa mawili, la mbele na la nyuma, yalikuwa yanaharibiana hewa. Marufuku ikafuata. Mignet akarekebisha michoro, na ndege za ukoo huo zinaruka mpaka leo. Kosa halikuwa la mikono ya wajenzi: lilikuwa ndani ya hesabu, na hesabu hiyo hakuna aliyeweza kuipima nyuma ya nyumba yake.

Kwa Kindu tunaogopa hata vitu vidogo kuliko hivyo. Chukua esansi. Motere kama Rotax 912, yenye nguvu ya farasi 80 ao 100, inakubali esansi ya gari, na hiyo njo habari nzuri kwa mji ambako esansi maalum ya avio ni shida. Lakini esansi ya gari hapa inatoka kwa Kadhafi wa barabarani, ndani ya bido ambayo jana ilibeba kitu kingine. Maji yanakaa chini ya esansi; kwenye pikipiki yanakuletea kikohozi, unashuka, unasafisha kabireta, unaendelea. Chukua bugi. Rotax hiyo iko na mbili kwa kila silinda, moja ikifa nyingine inashika. Pikipiki ya kawaida iko na moja. Ikikufia kwenye njia ya Kalima unasukuma mpaka kijiji kinachofuata. Juu ya msitu wa Punia hakuna wa kusukuma. Na unyevu wetu huu, unaofumua gundi ya mbao na kula aluminiumu kimyakimya, haumsubiri mtu amalize kujenga.

Halafu iko jambo ambalo wazee wa Kindu hawapendi kulisema. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za C-119 zilitua hapa, zimeleta vitu kwa askari wa ONU kutoka Malaya. Ndani yake walikuwa Waitalia 13. Askari wa Kongo waliwadhania kuwa mamluki wa Tshombe, na wote 13 waliuawa. Wakati ule ndege isiyojulikana ilikuwa na maana moja tu: adui. Leo vita vimeleta droni katika anga la mashariki. Kijana atakayeondoka asubuhi kutoka kiwanja cha mpira cha Alunguli na kitu chenye kelele, bila mnara wa RVA kujua, nani atamwuliza jina kabla ya kufyatua?

Kwa hiyo wanaotaka Leta ikataze, na wanaotaka Leta ifumbe macho, wote wanatupoteza. Sheria iko, ile namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya usafiri wa anga, na iko mamlaka ya AAC. Marekani anayejijengea ndege lazima afanye zaidi ya nusu ya kazi mwenyewe, mkaguzi anaiangalia kabla haijaruka, na masaa ya kwanza ya majaribio, kwa kawaida 25 ao 40, anaruka mbali na nyumba za watu. AAC yetu, ambayo tangu 2006 inaona kampuni za inchi zikikataliwa Ulaya, haitapata leo mkaguzi wa kumtuma Kindu kuangalia mabawa ya mtoto wa mtu. Tunajua.

Lakini kuanzia chini inawezekana. Rotax mpya inapita dolari 20 000, na hatuiombi. Iliyomaliza masaa yake, ambayo hairuhusiwi tena kuruka, bei yake iko chini sana, na kwa kufundishia haina kasoro. Iwekwe juu ya meza katika shule moja ya ufundi ya mji. Vijana waifungue, waifunge, waandike ndani ya karne kila bugi iliyotolewa, tarehe na jina la mkono ulioitoa, fundi mmoja wa avio akipita Kindu asome karne hiyo na kuitia sahihi ao kuikataa. Mwaka mzima bila mtu kuruka. Gavana na chuo kikuu wanaweza kuamua hilo bila kusubiri Kinshasa.