Krimu ipo kwenye sufuria ya maziwa
Mwandishi, mapishi yako ya tambi kwa steki na uyoga ni sawa, ila kwenye krimu ya pakti umetuacha wengine. Huku Lagangabilili siioni madukani, lakini maziwa ya ng'ombe tunayo. Nayachemsha jioni, asubuhi naengua utando mzito wa juu, nachanganya na kitunguu saumu, pilipili manga na maji kidogo yaliyochemshiwa tambi. Moto uwe mdogo, krimu isije ikakatika. Na wewe ndugu uliyesema kwenye maoni kwamba nyama ya ng'ombe wa kienyeji haifai kukaangwa haraka, umepewa paja hilo! Pale buchani ukisema tu "steki" unakatiwa mnofu wowote usio na mfupa. Omba sarara, kata kwa kukingamia nyuzi, kikaango kiwe cha moto hasa. Mume wangu, Msukuma wa ugali na michembe, anakomba sahani. Uyoga sina, naweka mchicha.