Sindano ya Miezi Mitatu na Mifupa ya Mama

Swali hili huulizwa kliniki kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: "Nesi, ni kweli sindano ya miezi mitatu inaozesha mifupa?" Huku kwetu Muleba na Bukoba wanaochoma sindano hiyo si wachache, na baadhi yao wanameza pia dawa za VVU. Hao ndio ninaowaandikia zaidi mwezi huu. Mafundisho ya Kanisa juu ya uzazi mnayajua, na hayo ni mazungumzo yako na mumeo. Mimi hapa nazungumza mambo ya mifupa.

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, kinabomolewa na kujengwa kila siku, kama nyumba inayokarabatiwa huku watu wakiishi ndani. Anayewazuia wabomoaji wasizidishe ni homoni ya estrojeni, itokayo hasa kwenye ovari zetu. Mwaka 1941 daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, aliandika kuwa wagonjwa wake wa mifupa dhaifu walio chini ya miaka 65 walikuwa karibu wote wanawake waliokwisha koma hedhi. Ovari zimepumzika, estrojeni imeshuka, wabomoaji wamepata nafasi. Ndiyo maana bibi anateleza kidogo tu uani, nyonga inavunjika, nasi tunasema ni uzee.

Sasa sindano. Dawa iliyomo, ambayo wengi huijua kwa jina la Depo-Provera, hulaza ovari ili yai lisitoke. Ovari zikilala, estrojeni nayo hupungua, na mfupa hupoteza kidogo uzito wake. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali juu ya jambo hilo liambatane na dawa hiyo. Lakini haiozeshi kitu! Kwa kawaida mama akiacha sindano, mfupa hurudisha sehemu kubwa ya ulichopoteza. Shirika la Afya Duniani linaruhusu itumike, ila linataka uangalifu zaidi kwa msichana wa chini ya miaka 18, ambaye mifupa yake bado inajengwa, na kwa mama aliyepita miaka 45.

Na mama anayeishi na VVU je? Hapo ndipo inapotufaa kazi ya Dk. Flavia Matovu Kiweewa, mtafiti wa Uganda. Yumo katika ushirikiano wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na kile cha Johns Hopkins, mjini Kampala. Ukivuka Mutukula uko njiani kwenda kwake. Ilikuwa inajulikana tayari kwamba tenofoviri, dawa iliyomo katika kidonge ambacho wengi hupewa CTC, nayo hupunguza mifupa, hasa mwanzoni mwa matibabu. Swali likawa: vitu hivi viwili vikikutana katika mwili wa mama mmoja, inakuwaje? Ni swali la wanawake wa kwetu hasa, maana kwetu ndiko vinakokutana.

Yeye na wenzake waliwafuatilia wanawake vijana wa Kampala kwa miaka miwili, wakiwapima mifupa ya kiuno na nyonga kwa mashine ya eksirei. Waliotumia sindano pamoja na tenofoviri walipoteza mifupa zaidi ya wale waliotumia tenofoviri bila sindano. Tuelewane vizuri: kilichopimwa ni uzito wa mfupa, si idadi ya waliovunjika. Hawa ni wasichana na mama wa miaka ya ishirini na thelathini. Hofu ni ya mbele, watakapofika ukomo wa hedhi wakiwa na akiba ndogo.

Kwa hiyo mama, usije ukarudi nyumbani ukatupa vidonge vya VVU. Nasema hivyo kwa ukali kwa sababu najua habari inavyosafiri kutoka bomba la maji hadi sokoni. Ukiviacha, virusi huongezeka, na kama unanyonyesha, mtoto yumo hatarini. La kubadilisha, kama lipo, ni njia ya uzazi. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa.

Tatizo ninaloliona ni kadi mbili. Kadi ya CTC iko chini ya godoro, ya uzazi iko kwenye mkoba, na nesi wa chumba kimoja hajui ya chumba kingine. Waonyeshe zote mbili. Mwulize, "Kidonge changu kina tenofoviri?" Mwambie pia umechoma sindano kwa miaka mingapi, na kama mama yako alivunjika nyonga.

Jembe na mlima wa kwenda kisimani husaidia mifupa, na jua tunalo. Chakula ndicho tunachokipunja: ndizi ni tamu lakini hazina kalisi ya kutosha. Dagaa wa ziwani wanaoliwa na mifupa yao wanayo, na maziwa pia. Wale mlioniuliza juu ya mifupa na kunyonyesha, nitawajibu mwezi ujao.