MAFUTA YA RAHISI MPAKANI: TUPIGE HESABU KABLA YA KUVUKA

Ndugu wanachama na wafanyakazi wenzangu,

Nataka kusema juu ya jambo linalotugusa mfukoni sisi sote tunaokaa Busia na Malaba, nalo ni kutafuta petroli na dizeli kwa bei rahisi. Kazi yangu ni ya reli, lakini wengi wetu wa reli tuna pikipiki au kigari cha nyumbani, na ndugu zetu wa malori, matatu na bodaboda ndio majirani zetu. Mshahara hutoka mara moja kwa mwezi na haubadiliki. Bei ya mafuta nayo hutangazwa kila tarehe 14, na mara nyingi hubadilika. Basi si ajabu mtu akitazama ng'ambo ya mpaka na kuuliza: Je, kule si rahisi zaidi?

Swali hilo si baya. Ubaya ni kuvuka kwa kusikia maneno ya barazani, bila kalamu na karatasi.

Kwanza yafaa tufahamu bei inatengenezwa namna gani. Hapa Kenya, tangu Desemba 2010, serikali huweka kikomo cha bei ya pampu. Siku hizi kazi hiyo ni ya EPRA. Bei huanza tarehe 15 na kwenda mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na kila mji una bei yake. Mombasa iko chini kwa sababu ndiko meli zinakoshusha. Sisi wa mwisho wa njia tunaongezewa nauli. Uganda hakuna kikomo. Tangu 1994 bei ya mafuta kule ni huria, na kila mwenye pampu huandika bei yake mwenyewe.

Lakini mafuta yenyewe ni yale yale. Sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda hushuka Mombasa, hupita bombani hadi Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa malorini na kupita hapa hapa mbele ya macho yetu. Tofauti ni kodi, nauli na thamani ya pesa. Hayo matatu hayakai mahali pamoja, na kwa sababu hiyo urahisi huhama upande.

Tukumbuke Januari 2022. Madereva wa malori waligoma kwa ajili ya kulazimishwa kupimwa korona mpakani, foleni ikawa ndefu, na Uganda mafuta yakaadimika hata mahali pengine lita moja ikapita shilingi 10,000 za kule. Wakati huo serikali yetu ilikuwa ikilipa sehemu ya bei, basi waliovuka kutafuta mafuta walikuwa wenzetu wa Uganda kuja kwetu. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Tarehe 1 Julai 2023 kodi ya VAT juu ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na Septemba petroli Nairobi ikafika shilingi 211.64. Hapo watu wa upande wetu ndio wakaanza kuuliza bei ya ng'ambo. Mwaka 2024, mwezi wa Julai, tozo ya kutengeneza barabara ikapanda tena kutoka shilingi 18 kwa lita mpaka 25.

Sasa tupige hesabu. Tuseme lita moja ng'ambo ni shilingi 5,000 za Uganda, na kwetu ni 185. Ukipata shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, lita hiyo ni kama shilingi 178 na nusu. Umepata faida ya shilingi sita na kitu. Lakini mbadilishaji pesa wa njiani akikupa 26 tu, lita ile ile imekuwa shilingi 192, nawe umepata hasara ya saba. Mafuta hayakubadilika, wala pampu haikubadilika. Umeibiwa katika pesa. Hata ukipata ile 28, lita 10 zimekupa shilingi 64. Toa mafuta ya kwenda na kurudi, toa saa nzima ya kusimama na karatasi za forodha, saa ambayo mtu wa bodaboda angepata abiria. Kilichobaki ni kitu gani?

Wako wanaosema, mimi sivuki, naletewa kwa mtungi. Ndugu zangu, mtungi hauna risiti wala kikomo cha bei. Mafuta mengine ya magendo ni yale yaliyoandikwa kwamba yanakwenda nje ili yasilipiwe kodi, kisha yakamwagwa hapa hapa. Mengine yamechanganywa na mafuta ya taa. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya uchanganyaji huo huo. Dizeli ikichanganywa hukosa ulaini, na pampu ya injini na nozeli huliwa. Bei ya makanika humeza faida ya miezi mingi.

Tena petroli katika mtungi ndani ya nyumba ni moto unaongoja. Tusisahau Sachang'wan, Januari 2009, watu zaidi ya mia moja walipokufa wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Tusisahau Malanga, barabara yetu hii ya Kisumu kuja Busia, Julai 2021, ambako watu zaidi ya kumi waliungua namna hiyo hiyo. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Hapa ndipo chama kinapoingia. Dereva wa kuajiriwa hapendi mtungi. Mara nyingi analazimishwa. Tajiri anampa pesa pungufu na kumwambia, jua utakavyofika. Dereva ananunua magendo ili apate kufika. Akikamatwa na watu wa forodha, anayelala ndani ni dereva na tanboi wake. Sheria ya forodha ya Afrika ya Mashariki ya 2004 inaruhusu hata gari lililobeba magendo kutaifishwa. Injini ikifa, anayekatwa mshahara ni dereva yule yule. Hiyo si haki. Faida inakwenda kwa mmoja na hatari inakwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo nashauri mambo haya. Kwanza, chama kidai kwa kila tajiri kwamba pesa za mafuta zihesabiwe kwa bei iliyotangazwa ya mwezi, na dereva alete risiti ya kituo chenye leseni. Asikatwe senti kwa kukataa mafuta ya mtungi. Pili, tukumbuke kwamba bei ya EPRA ni kikomo. Mwenye kituo haruhusiwi kupita juu yake, lakini kushuka chini anaruhusiwa. Mtu mmoja akiomba kupunguziwa atachekwa. Bodaboda mia moja za tawi moja wakienda kwa mwenye kituo na kusema tutanunua kwako kila siku, atasikiliza. Umoja ni nguvu hata kwenye pampu.

Tatu, kila mmoja aanze kwake. Tazama pampu isome sifuri kabla ya kuwekewa. Pima upepo wa magurudumu kila juma, maana gurudumu laini hunywa mafuta. Zima injini katika foleni ya Malaba. Lori likinguruma mahali pamoja linakula pesa bila kusogea hatua. Andika lita na maili zako katika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Bei ya dunia hatuiwezi sisi wa Busia, wala kodi ya Nairobi hatuipangi peke yetu. Lakini dereva asibebeshwe mzigo wa tajiri wake, hilo tunaliweza. Naomba lipelekwe katika mkutano ujao wa tawi, na lipigiwe kura.

Wenu katika kazi,
Mfanyakazi wa Reli, Malaba