Gari Kuukuu na Haki ya Kutembea

Yako maneno yapitayo kwa hekima kwa sababu tu husemwa na watu wazima kwa sauti ya utulivu. Mojawapo ni hili: kwamba mtu mwenye mshahara wa kati anayenunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akatia vitanda, meza na jiko, ili wakati wa likizo apande Usambara na mkewe na watoto, ni mfujaji wa mali na mwigaji wa Wazungu. Neno hili nimelisikia katika vyumba vya walimu na barazani, na kila nilisikiapo halipati mpinzani. Mimi nalipinga.

Kwanza, uigaji. Twaambiwa kuwa kutembea kwa ajili ya kuona tu si desturi yetu. Basi na tuitazame hiyo desturi. Jamaa za Dar es Salaam husafiri pamoja wanapofiwa au wanapooza. Mtoto hupitishwa Chalinze, Segera na Korogwe akiwa amelala. Huamshwa msibani, kisha hurudishwa kabla hajaijua njia. Akitimiza miaka ishirini nchi yake ameijua kwa makaburi na masufuria ya pilau. Desturi hiyo ni njema, lakini haitoshi, na kuiongezea si dhambi. Wala kutembea hakukuletwa na meli. Mbega, asimuliwaye katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, alikuja kutoka Nguu akiwinda nguruwe nyikani na milimani kabla hajawa babu wa watawala wa Vuga. Wanafunzi wetu hukisoma kitabu hicho, hukifanyia mtihani na kupata shahada. Lakini waulize Vuga iko upande gani wa Soni, wengi watanyamaza.

Hasara ya kunyamaza huko yaonekana katika ua moja dogo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mmea wa maua ya zambarau uliotoka Usambara. Mwaka 1893 wataalamu wakaupa jina la Saintpaulia. Leo mmea huo hupambia madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Je, ni watoto wangapi wa Tanga waliouona ukiota wenyewe kwenye miamba ya misitu ya kwao? Kitu ambacho mwenyewe hakitembelei, mgeni hukipa jina.

Pili, husemwa kuwa nyumba za wageni zipo; ya nini mtu abebe nyumba yake? Hoja hii ina uzito kwa bwana na bibi walio wawili. Kwa baba, mama, nyanya na watoto wanne, haina. Vyumba vitatu kila usiku, na chakula cha hoteli kwa vinywa saba, ndivyo viifungavyo safari kabla haijaanza. Wenye kitanda chao na chungu chao hununua viazi na kabeji sokoni Lushoto, hupika, na fedha iliyosalia huwa siku nyingine ya kwenda Irente, au Mtae kutazama nyika ya Mkomazi chini ya miguu yao. Wala hawajitengi na wenyeji. Huwabidi kubisha hodi na kuomba ruhusa ya kuegesha uani kwa mtu, na hapo ndipo salamu na mazungumzo huanza.

Tatu, husemwa kuwa rahisi ghali. Hapa wapinzani wangu wana nusu ya haki, nami nageuka niwakabili walio upande wangu. Kenya hukataza kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Tanzania hulikubali lakini hulitoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee wake. Uzee wa gari si aibu. Aibu ni mnunuzi anayetumia fedha zake katika mapazia na magodoro, akaziacha breki kama alivyozikuta.

Mombo iko yapata mita 400 juu ya bahari, na Lushoto yapata mita 1,400. Kati yake ni kilomita 33 za kona na korongo. Kupanda hupima injini na rejeta. Kushuka hupima breki. Injini ikishindwa, safari husimama. Breki zikishindwa, safari haisimami, na huo ndio msiba wenyewe. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka hunyonya unyevu. Yakipata moto wa kukanyaga bila kupumzika huchemka, na kanyagio huzama chini pasipo kuzuia kitu. Dawa ni mafuta mapya na gia ndogo tangu kileleni. Tena tangi la lita 100 za maji ni kilo 100 zinazolisukuma gari mteremkoni. Tairi huzeeka hata lisipotembea. Tarakimu nne ubavuni mwake hutaja juma na mwaka lilipotengenezwa. Na jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya gari, hata baridi ya Magamba ikaze namna gani, kwani hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, nayo huua waliolala.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye kutaka gari la namna hiyo agawe fedha yake mafungu mawili: moja la kununulia, na jingine, lisilopungua la kwanza, la breki, matairi na rejeta, kabla hajashona hata pazia moja. Asiye na fungu la pili na apande basi la abiria hadi Lushoto pamoja na wanawe. Milima itakuwa ni ile ile. Lakini aliye nalo asizuiwe na wasemaji wa barazani. Watoto hukaa nyumbani miaka michache tu. Akiwasubiri mpaka apate gari jipya, huenda akalipata siku ambayo viti vyote vya nyuma havina mtu wa kuvikalia.