MTOTO ANAYECHORA VYOMBO VYA ANGA HAJAPOTEA (Sehemu ya 5)

Mama zangu wa Handeni na Korogwe, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya, tumeshaongea kuhusu kunyonyesha, chanjo na minyoo. Leo tuongee kuhusu simu. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nesi, mkubwa wangu haachi simu, anachora maroboti na miji ya ajabu. Nimnyang'anye?"

Msimamo wangu: usimnyang'anye. Mwekee mipaka, halafu msaidie aanze vizuri.

Kwanza tutenganishe umri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Hapo sina mjadala. Ninayemsemea ni huyu wa miaka 12 na kuendelea, na wewe pia mama kijana unayependa kuchora mtoto akilala.

Pili, kutazama na kutengeneza ni vitu viwili. Anayetazama video saa mbili anapokea tu. Anayechora anapima, anakosea, anafuta, anarudia. Jamani, hiyo ni kazi ya akili.

Wengine wanasema, "Anachora majini." Hapana. Hadithi ya kisayansi inaanza na swali: itakuwaje kama? Itakuwaje kama Handeni, ambako tunajua kiangazi kinavyotuhangaisha na ndoo, kungekuwa na mtambo wa kukamua maji kutoka hewani? Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi inayoitwa Pumzi, kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye iliyokaukiwa maji, na mwanamke mmoja anayehangaika na mbegu. Sasa hilo ni jini? Hayo si ndiyo maisha yetu, yamesogezwa mbele tu?

Mwaka 2023 Disney+ ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi 10 za katuni za Kiafrika, ukaitwa Kizazi Moto. Mganda Raymond Malinga alitengeneza moja kuhusu wachunga ng'ombe wa wakati ujao, na Mkenya Ng'endo Mukii naye ana yake. Jina ni la lugha yetu, lakini Tanzania haimo katika nchi sita zilizotoa filamu hizo. Mimi hilo linaniuma. Ng'ombe tunao, Kiswahili tunacho, na watoto wenye vipaji wapo, ila tunawanyang'anya penseli.

Haya, aanzeje?

Aanze na karatasi. Daftari na penseli vinatosha kwa wiki za mwanzo. Achore michoro midogo kama kiberiti, sita au nane, ya umbo zima tu, kama kivuli. Kivuli kisipoeleweka, hata aweke bolti elfu moja hakitaeleweka.

Kisha achore vitu halisi. Hapa tumebarikiwa. Mwenye jamaa kwenye mashamba ya mkonge Korogwe aombe ruhusa mtoto aione mashine ya korona inavyokamua majani, magurudumu yake, mikanda na kutu. Azitazame nguzo kubwa za umeme kule Hale, na mabehewa ya reli. Chombo cha anga kinachoaminika kinatokana na mashine aliyoiona kweli.

Akihamia kwenye simu, ibis Paint ina toleo la bure, na kidole kinatosha kuanzia. Mwenye kompyuta achukue Krita, ni bure kabisa, na ukishaipakua huhitaji bando ili uchore. Ajifunze kutumia tabaka: anga tabaka lake, milima lake, mashine lake. Hivyo akikosea mashine hafuti anga.

Aanze na rangi za kijivu ajue mwanga unatoka wapi, ndipo aweke rangi. Milima ya Usambara ukiiona kutoka mbali inapauka na kuwa kama ya bluu. Vya mbali achore hivyohivyo, vya karibu viwe vikali. Aweke mtu mdogo pembeni ili ukubwa wa mtambo uonekane. Na vile vitu vidogovidogo, waya, taa na mikwaruzo, vije mwisho, tena virundikwe pale anapotaka jicho litue. Akivijaza kila mahali, jicho linachoka.

Sasa niongee kama nesi. Kila baada ya dakika 20 ainue macho, aangalie kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Asichore amelala gizani. Mkono ukianza kuuma au kufa ganzi, apumzike. Kila siku atoke nje, mwanga wa mchana unasaidia macho ya watoto. Na usiku simu ilale chumbani kwako, mama. Usingizi hauna mbadala.

Mtaniuliza, "Kuchora kunaliwa?" Sitakudanganya kwamba atatajirika. Ila mkumbuke Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi mashamba ya mkonge huku kwetu Tanga, baadaye akaajiriwa Hospitali ya Muhimbili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa za kupakia vitu, kwenye vipande vya mbao bandia. Alifariki 1972, na mpaka leo kuna familia zinaishi kwa mtindo wenye jina lake. Alitumia alichokuwa nacho. Watoto wetu wana simu.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla hujagomba, kaa naye umuulize: "Hii mashine inafanya kazi gani? Nani anaiendesha? Inatumia mafuta au jua?" Akikujibu vizuri, ujue anafikiri. Akishindwa kujibu, umempa kazi ya kesho.

Sehemu ya 6: mtoto anayelalamika kichwa kila asubuhi ya shule. Mwenye swali aliweke hapa chini, nitajibu nikitoka zamu.